Muuguzi Alipomwomba Mume Wangu Asubiri Nje

Nilikwenda kutibiwa maumivu ya mgongo, na muuguzi akaona nisichokuwa nimekwenda kukionyesha: alama mbili za damu iliyovilia, moja upande wa ndani wa paja na nyingine juu ya nyonga. Alimwomba mume wangu atusubiri nje, akafunga mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, alama hizi zilitokana na nini, na wakati zinatokea wewe uliridhia?" Nilikereka. Zilikuwa alama za faragha yetu sisi wawili, hazikuwa za ugomvi, nami nilijibu kwa mkato nikitamani nifunikwe haraka.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza mengi kuhusu jambo hilo, na nimeona kuwa swali lake lilikuwa sahihi, kwa sababu alama yenyewe haisemi lolote kuhusu ridhaa. Damu huvilia pale mishipa midogo iliyo chini ya ngozi inapopasuka kwa kubanwa, kufyonzwa au kugongwa, na damu ikatuama ndani ya nyama. Mpasuko huo ni ule ule, iwe mkono ulioshika ulikaribishwa au ulilazimisha. Alama huanza na wekundu, ikawa ya zambarau au buluu, halafu ikageuka kijani, manjano na kahawia kadiri mwili unavyoivunja damu hiyo, na kwa kawaida hutoweka baada ya wiki 2 hivi. Hata hivyo, rangi si kalenda. Daktari mzoefu hawezi kuitazama tu akataja siku ya tukio. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi sana rangi yenyewe huenda isionekane vizuri, na hapo uvimbe na maumivu pahali panapoguswa huwa ushahidi bora kuliko macho.

Kwangu mimi kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nikimeza ibuprofeni kila siku kwa ajili ya mgongo, na dawa hiyo, kama aspirini, hudhoofisha kazi ya chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Dawa za kuzuia damu kuganda kama vile wafarini, steroidi zinazotumiwa kwa muda mrefu, upungufu wa chembe sahani, magonjwa ya kurithi ya damu na umri mkubwa unaofanya ngozi kuwa nyembamba vyote huleta alama kubwa kwa mguso mdogo. Mtu anayeona alama zisizo na sababu, au anayetokwa damu ya pua na fizi mara kwa mara, anahitaji kupimwa damu.

Kinga ya alama zinazotokana na tendo la ndoa huanza kwa kusema, ingawa wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba mambo ya chumbani hayasemwi hata chumbani. Mwenzi anapaswa kuambiwa mahali panapouma na kuacha mara anapoombwa. Ukavu ukeni, ambao ni wa kawaida wakati wa kunyonyesha na baada ya ukomo wa hedhi, hupunguzwa kwa vilainishi vya maji. Mafuta hayafai pamoja na kondomu za mpira kwa kuwa huziharibu. Alama ikishatokea, barafu iliyofungwa katika kitambaa iwekwe kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa katika siku 2 za kwanza, kisha joto la wastani lifuate. Parasetamoli hutuliza maumivu bila kuongeza uvujaji wa damu, na mahali hapo pasikandwe kwa nguvu.

Kuna hali ambazo barafu haiziwezi. Mwanamume akisikia mlio wa kitu kukatika, uume ukalegea ghafla, ukavimba na kugeuka zambarau, anahitaji upasuaji haraka, na aibu isimcheleweshe. Mwanamke ambaye uvimbe sehemu za siri unazidi kukua, anayeshindwa kukojoa au anayetokwa damu nyingi, naye aende hospitali mara moja.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote ni shingo. Mtu aliyekabwa koo anaweza kukosa alama yoyote, huku mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo ukiwa umechanika ndani na kuweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye. Sauti ya kukwaruza, maumivu wakati wa kumeza, vidoa vyekundu machoni, kuzirai au kujikojolea ni dalili za kwenda hospitali leo, hata kama aliyekaba anasema ulikuwa mchezo.

Vivyo hivyo, wengi waliobakwa hawana jeraha linaloonekana, na kukosekana kwake hakuwafanyi waongo. Aliyefanyiwa ukatili, akiweza, asioge kabla ya kupimwa, nguo azitie katika mfuko wa karatasi badala ya plastiki, na awahi: dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5. Kwa kuwa baadhi ya alama hujitokeza baada ya siku moja au mbili, picha zipigwe tena. Asiye tayari kushtaki bado ana haki ya kutibiwa.

Niliporudi baada ya wiki 2, nikiwa nimeacha ibuprofeni, alama zilikuwa zimebaki kivuli cha kahawia. Muuguzi yule yule alimwomba mume wangu asubiri nje, akaniuliza swali lile lile. Alinieleza kwamba huuliza tena kwa sababu wapo wanaosema "niliridhia" mara ya kwanza na kusema ukweli mara ya tatu. Safari hii nilimjibu polepole, naye akaandika.