Rangi ya mkebe, unyevu wa Pwani na Datsun nyekundu

Bodi yenyewe haifiki shubiri moja. Ni modeli ya plastiki ya kuunganisha ya Datsun 240Z, iliyotengenezwa na kampuni ya Hasegawa ya Japani kwa kipimo cha 1/24, nakala ya gari namba 11 ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia mbio za magari za Safari za mwaka 1971, enzi ambapo mbio hizo zilikuwa bado zikipita Kenya, Uganda na Tanzania. Rangi zake ni mbili tu kwa anayetazama kwa mbali: nyekundu inayong'aa, na boneti nyeusi isiyong'aa. Nilidhani kazi ya namna hiyo haihitaji kompresa wala bunduki ya rangi, kwamba mikebe ya kupuliza ingetosha. Ilitosha, lakini baada ya kuniadhibu.

Nilipuliza nyekundu mwezi wa Aprili, saa moja asubuhi, kwenye baraza ya nyuma, mvua ikiwa imekatika usiku uleule. Niliichagua saa hiyo kwa sababu ya ubaridi wake na kwa kuwa upepo ulikuwa haujaanza. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, ulitua vizuri. Nilipogeuka kuweka mkebe chini na kurudi kuitazama bodi, paa lilikuwa limeshika ukungu mweupe, kama kioo kilichopumuliwa, na nilipojaribu kuupangusa kwa ncha ya kidole nilibaki na alama ya kidole juu ya ukungu ambao haukutoka.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Thina, yaani kimiminika cha kuyeyushia rangi, iliyomo ndani ya rangi ya laka kama hii huruka upesi mno, na inaporuka huondoka na joto, kiasi kwamba uso wa plastiki hupoa kwa muda mfupi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, mvuke hugeuka matone madogo juu ya rangi mbichi na kunaswa humo. Hapa Mombasa alfajiri ndiyo saa yenye unyevu mwingi kuliko zote, na mimi nilikuwa nimeichagua kwa makusudi. Siku hizi ninacho kipima unyevu kidogo kilichotundikwa karibu na mlango, na kikipita asilimia 75 mkebe haufunguliwi. Saa nne hadi saa tano asubuhi, siku kavu ya kaskazi, ndio wakati wangu. Ukungu ule niliuondoa bila kuanza upya: nilisubiri siku kavu, nikapuliza mkono mwembamba lakini wenye majimaji wa rangi ileile, ukalainisha ule wa chini na kuuachia unyevu utoke.

Maelekezo mengi yanayosomwa na wenzetu yameandikwa na watu wa nchi za baridi, nao husisitiza kwamba mkebe ulowekwe kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kupuliza, kwa kuwa mkebe baridi hupoteza shinikizo na kutema matone makubwa. Ushauri huo ni sahihi kwao. Kwetu mkebe huwa na joto tayari, na tatizo la mchana ni kinyume chake: rangi hukaukia hewani kabla ya kufika, ikatua kama vumbi, na uso ukakwaruza kama msasa. Dawa yake ni kusogea. Badala ya sentimita 30 mimi husimama kwenye 20, na mkono wangu huenda haraka zaidi ili rangi isije ikatiririka.

Kuhusu rangi yenyewe, binamu yangu anayefanya kazi Dubai aliniletea boksi la modeli lakini hakuniletea mikebe, na si kwa uchoyo: rangi ya kupuliza hairuhusiwi katika mizigo ya ndege ya abiria, kwa kuwa gesi inayoisukuma hushika moto. Nilijaribu kwanza mkebe wa rangi ya magari kutoka duka la karibu. Kwa bahati niliupuliza juu ya vikonyo, vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande, na si juu ya bodi. Plastiki ya modeli ni polistairini, na thina ya rangi ile ni kali. Baada ya robo saa kikonyo kilikuwa na nyufa nyembamba kama tope la bwawa lililokauka. Rangi za magari zinaweza kutumika, lakini juu ya praima, yaani rangi ya msingi, iliyopulizwa kwa mikono myembamba, na baada ya jaribio, kwa maana mkebe mmoja haufanani na mwingine. Hatimaye nilinunua mikebe miwili ya rangi za modeli za Tamiya, ya mililita 100, TS-8 nyekundu na TS-6 nyeusi, kwa mtu aliyekuwa akiuza vifaa vyake. Praima niliyotumia ni nyeupe, kwa sababu nyekundu haifuniki vizuri na juu ya kijivu ingefifia.

Boneti ndiyo iliyonifundisha subira. Rangi huonekana kavu siku ya kwanza, lakini mimi huinusa: maadamu inanuka thina, bado inaendelea kukauka, na tepu ya karatasi itaacha alama. Nilingoja siku tano. Nilibandika tepu, nikaubonyeza ukingo wake kwa ukucha, kisha kabla ya nyeusi nikapuliza nyekundu kidogo juu ya ukingo huo, ili kama kuna mwanya, rangi itakayopenya chini yake iwe ileile iliyopo. Halafu nyeusi, mikono miwili, kila mpulizo ukianzia nje ya bodi na kuishia nje, kwa maana matone makubwa hutoka mkebe unapobonyezwa na unapoachwa. Nilipoibandua tepu taratibu, nikiikunja kurudi juu yake yenyewe, mstari ulitoka umenyooka kama uliokatwa kwa wembe.

Haya yote hufanyika nje, mbali na jiko, nikiwa nimevaa barakoa yenye vichujio vya mkaa. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi la rangi tu. Mvuke wa thina hupita humo bila kubisha hodi.

Sasa namba 11 zimekwisha kubandikwa milangoni. Kwenye madigadi ya kushoto, nyuma ya gurudumu la mbele, kuna tone moja lililotiririka ambalo nililisugua kwa msasa wa maji namba 2000 lakini halikuisha lote. Nimeamua kulifunika kwa tope jekundu la kuigiza, na kwa gari la Safari hakuna atakayeuliza.