Fungua kifuniko: mashine ya mkate haioni unga wako

Mashine ya mkate huuzwa kwa ahadi moja: tia vitu, bonyeza kitufe, rudi baadaye ukute mkate. Ahadi hiyo ni kweli nusu. Mashine inajua muda na joto, basi. Haijui kama unga wako umekauka au umevuta unyevu, wala kama hamira ni mpya au imelala kabatini tangu mwaka juzi. Itakanda, itaumua na itaoka kwa ratiba yake hata kama ndani yake kuna uji. Macho ni yako, na katika zile saa tatu na ushee yanahitajika kwa dakika 10 tu.

Kabla ya hapo, mizani. Kikombe cha unga kina gramu 120 hivi ukikijaza taratibu kwa kijiko, na kinaweza kufika 150 ukikichovya mfukoni na kushindilia. Kwenye vikombe 4 umeshakosea zaidi ya gramu 100, na hapo maji yaliyoandikwa kwenye kitabu hayana maana tena. Tumia mizani ya kidijitali, na maji nayo yapime kwa gramu, kwa kuwa mililita 1 ni gramu 1.

Kwa mkate mweupe wa gramu 750 hivi, anza na vipimo hivi:

maji gramu 315
mafuta au siagi gramu 20
sukari gramu 15
chumvi gramu 9
unga wa ngano gramu 500, wenye protini asilimia 11 au zaidi
hamira kavu ya papo hapo gramu 5 (kijiko cha chai kimoja na nusu hivi)

Sufuria ya mashine yako ikiwa ndogo, punguza vyote kwa uwiano uleule: kwa kila gramu 100 za unga, maji 63, hamira 1, na chumvi isiyofika 2. Usipunguze kimoja ukaacha vingine. Unga ukizidi uwezo wa sufuria, mkate hugusa kifuniko, na kusafisha mabaki yaliyoungua kwenye kipasha joto ni adhabu.

Kwenye mashine nyingi vimiminika hutangulia, kisha unga unaofunika maji yote, halafu chumvi na sukari pembeni, na hamira juu kabisa kwenye kishimo kidogo. Zipo zinazoanza na hamira chini. Fuata kitabu chake. Jambo lenyewe ni kwamba hamira isikutane na maji kabla ya kukandwa. Ukianza papo hapo, mpangilio si kitu sana. Ukitega saa ili mkate uive alfajiri, ndio kila kitu: hamira ikilowa usiku kucha, itakuwa imemaliza nguvu zake kabla kazi haijaanza. Na ukitega saa, usitie maziwa ya maji wala mayai, kwa sababu yatakaa masaa bila ubaridi. Tumia maji na maziwa ya unga.

Sasa zile dakika 10. Kikandio, kile kipande kinachozunguka chini, kikianza kukanda, subiri kama dakika 5, kisha fungua kifuniko. Hakuna kinachoharibika, maana joto la kuoka bado halijawashwa. Kwangua kwa mwiko wa raba unga mkavu uliojificha kwenye pembe, halafu tazama donge. Donge zuri ni moja, la mviringo, lenye uso laini. Chini hushika sufuria kidogo na kuachia, kushika na kuachia, likiacha mkia mfupi. Ligusie kidole: litanata kidogo, lakini kidole kitatoka kisafi.

Ukisikia mashine inaguna, na donge linagonga kuta kama jiwe au limegawanyika vipande viwili, ni kavu. Tia maji kijiko cha chai kimoja, ngoja dakika nzima, tazama tena. Likiwa limetandaa kama uji mzito na kupanda kutani, tia unga kijiko cha chakula kimoja kimoja. Kosa la kawaida ni haraka: unga huchukua muda kunywa maji, na donge linaloonekana bichi dakika ya 4 mara nyingi hujishika lenyewe ya 8.

Ile mistari iliyochomoza ndani ya sufuria inahusika pia. Mashine ya kampuni ya Matsushita iliyotoka Japani mwaka 1987 iliipata baada ya Ikuko Tanaka, aliyekuwa akiunda programu zake, kwenda kujifunza kwa mwokaji wa hoteli moja ya Osaka, akaona kuwa unga huvutwa huku ukisokotwa. Mistari hushika donge upande mmoja ili livutike. Donge kavu mno huzunguka tu na kikandio, na donge la majimaji huteleza. Yote mawili hayakandiki, hata uyape saa nzima.

Mkate ulioshuka katikati husomwa vibaya sana. Wengi hudhani haukuumuka, wakaongeza hamira, ukashuka zaidi. Kwa kweli uliumuka kupita kiasi, kuta zake zikachoka kabla ya joto kuukaza. Punguza maji gramu 15, na hakikisha hukusahau chumvi, maana ndiyo inayoishika hamira breki. Wakati wa joto kali tumia maji ya baridi na hamira gramu 4.

Mkate mfupi, mzito, wenye kichwa cha vinundu ni habari nyingine: maji machache au hamira iliyokufa. Ijaribu kwa kuikoroga na sukari kidogo kwenye maji vuguvugu. Isipotoa povu ndani ya dakika 10, itupe. Maji ya moto wa kuunguza kidole nayo huiua, na mdalasini mwingi ndani ya unga huidumaza.

Unga wa ngano isiyokobolewa hunywa zaidi. Anza na maji 350 kwa gramu 500, kwenye programu yake yenyewe yenye muda mrefu. Programu ya haraka ni ya dharura tu: hutaka hamira zaidi, na mkate hutoka na ladha ya hamira.

Shimo kubwa chini ya mkate huletwa na kikandio kubaki ndani. Baada ya mkando wa mwisho, lowesha mikono, inua donge, chomoa kikandio, rudisha donge katikati. Mkate ukiiva, utoe mara moja na uuweke juu ya wavu. Ukiuacha sufuriani, mvuke hulowesha kuta na mbavu zake huingia ndani. Subiri saa nzima kabla ya kukata. Ukiukata moto, kisu kitaburuta ndani na vipande vitakuwa kama havijaiva. Na sufuria ile usiikwangue kwa chuma. Ijaze maji ya uvuguvugu nusu saa, gamba lililoganda kwenye mhimili wa kikandio litatoka lenyewe.