Contra kwenye laptop, bata kwenye chogo

Mpwa wangu alikuja kwangu Kirumba, Mwanza, likizo ya Desemba. Ana miaka 11, na gemu zote za kufyatua risasi anazozijua ziko kwenye simu. Nikamwahidi kumwonyesha zile tulizokulia sisi, za kaseti. Mwenye hamu zaidi nilikuwa mimi.

Mashine ninayo bado, imelala sandukuni miaka mingi: nakala ya Famicom ya Nintendo, zile zilizokuja na pedi mbili, bunduki ya plastiki na kaseti moja yenye gemu kibao ndani yake. Lakini nilianza na njia rahisi. Niliweka kwenye laptop emuleta iitwayo Mesen, yaani programu inayoiga kazi ya mashine ya zamani, nikachomeka pedi ya USB, nikamfungulia Contra ya Konami. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A: maisha 30 yakaingia. Mpwa wangu akashangaa kwamba siri hiyo imekaa kichwani mwangu muda wote huo. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto, aliyeiweka kwanza kwenye Gradius mwaka 1986, kwa sababu gemu ilimshinda alipokuwa akiijaribu kazini.

Hata hivyo kuna kitu hakikukaa sawa. Muziki ulikuwa unakimbia. Risasi za maadui zilinifikia kabla sijajipanga, na pale kwenye maporomoko ya maji nilidondoka mara tatu mfululizo. Usiku ule nililala nikiamini emuleta imeharibu gemu yangu.

Kumbe emuleta ilikuwa sahihi, na kilichotofautiana ni mashine ya utotoni mwangu. Famicom ya Japani na NES, ndugu yake wa Marekani, huchora picha 60 kwa sekunde, kwa kuwa ndivyo tivii za huko zilivyo. Tivii zetu zilikuwa za mfumo uitwao PAL, picha 50 kwa sekunde, na mashine yangu ilitengenezwa kuzifuata. Contra husonga hatua moja kwa kila picha, kwa hiyo sisi tuliicheza pungufu kwa moja ya sita, muziki wake ukiwemo. Kwenye Mesen kuna sehemu ya kuchagua aina ya mashine, na mojawapo ya chaguo ni Dendy, jina la nakala iliyouzwa sana Urusi miaka ya 90, yenye mwendo huohuo wa picha 50. Niliichagua, nikafungua gemu upya, na kwa zile noti za kwanza tu nikajua ndiyo yenyewe. Nilimwita mke wangu jikoni aje asikie. Yeye hakukulia gemu, lakini alikaa akasikiliza.

Kwa Contra, basi, mimi nasema emuleta inatosha, tena kwa mazingira yetu inazidi mashine. Umeme ulikatika tukiwa hatua ya sita. Laptop ina betri, tukaendelea gizani hadi mwisho. Mashine ya kaseti ingezima hapohapo, na Contra haina pa kuhifadhi ulipofikia, kwa hiyo tungeanza upya. Angalizo moja tu: nilipoiunganisha laptop na tivii ya flati, mruko ulichelewa nyuma ya kidole. Flati nyingi huipika picha kwanza ndipo ziionyeshe. Tafuta kwenye menyu hali ya gemu uiwashe, utaona tofauti.

Bata ndio waliotutesa. Duck Hunt, ya mwaka 1984, bata wanapaa kutoka kwenye nyasi na wewe una risasi tatu. Kwenye emuleta unalenga kwa mausi. Inafanya kazi bila kasoro yoyote, na mpwa wangu alichoka baada ya dakika tano. Simlaumu. Bila kuinua mkono, kufumba jicho moja na kusikia ule mlio wa kifyatulio, hakuna kilichobaki.

Nikaitoa mashine. Kaseti haikuwaka kwanza, nikamkataza mpwa wangu kuipuliza kama tulivyokuwa tukifanya zamani, kwa sababu unyevu wa mdomo unazidi kuzitia kutu zile shaba. Nilichovya pamba kwenye spiriti, nikasugua meno ya kaseti mpaka pamba ikaacha kutoka nyeusi, nikaacha yakauke. Ikawaka. Nikaichomeka kwenye flati kwa waya wa AV, picha safi kabisa, tukachukua bunduki. Hakuna bata hata mmoja aliyeanguka. Tulisogea mpaka mdomo wa bunduki ukagusa kioo. Hakuna.

Bunduki ile haitoi kitu chochote. Inapokea. Ukifyatua, gemu inafanya kioo kizima kuwa cheusi kwa kitambo kifupi sana, kisha inachora kisanduku cheupe pale alipo bata. Ndani ya mtutu kuna lenzi na sensa ya mwanga. Ikiona giza halafu mweupe, umempata. (Ndiyo maana hila yetu ya utotoni ya kuielekeza kwenye taa haikufaulu: palipotakiwa giza, yenyewe iliona mwanga.) Tivii ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, inachora papo hapo, mstari kwa mstari. Flati inachelewa, na mweupe unapotokea gemu imeshahesabu kwamba umekosa. Isitoshe, sensa ya Nintendo ilitengenezwa itambue mpapatiko wa chogo, mistari kama elfu 15 na mia kadhaa kwa sekunde, na flati haina mpapatiko huo.

Chogo ninachokijua kizima kiko kwa mama, Nansio, kisiwani Ukerewe. Sikukuu tulikuwa tunakwenda huko hata hivyo, nikaifunga mashine ndani ya kanga na mpwa wangu akaipakata melini njia nzima.

Mama alituruhusu kwa sharti moja, kwamba taarifa ya habari ya saa mbili asiikose. Nikachomoa kisimbuzi chake, nikachomeka mashine. Bata wa kwanza akapita salama. Moyo ulinishuka. Kisha nikaona kwamba picha yenyewe imefifia kwa uzee, na dirisha lilikuwa wazi nyuma yetu. Nikashusha pazia, nikapandisha mwanga wa tivii karibu na mwisho, nikamsogeza mpwa wangu hatua mbili mbele.

Akafyatua. Kioo kikameta, bata akasimama hewani kidogo, akaanguka.

"Mjomba, nimempata mwenyewe!"

Alifika raundi ya saba jioni ile. Halafu nikakumbuka jambo: kwenye mchezo wa bata mmoja, mtu mwingine akishika pedi anaweza kumwongoza bata. Nikampa mama.

"Nibonyeze wapi?"

"Huo msalaba tu, mama. Mpeleke unakotaka."

Akampeleka kushoto, akamrudisha, akamshusha karibu na nyasi, risasi tatu zote zikapita. Mpwa wangu akalalamika, "Bibi, unanionea!" Mama hakujibu, macho yako kwenye kioo. Saa mbili kasoro dakika tano nikamkumbusha habari zake. Akatazama saa ya ukutani, akasema bado, akavuta stuli karibu.