Nilihamisha Linux nzima, kisha nikajichanganya mwenyewe

Diski ya kompyuta kubwa ya saiba yangu hapa Kondele ilianza kugongagonga kama mtu anayebisha mlango. Linux Mint, mfumo unaoendesha mashine badala ya Windows, imekaa humo tangu nifungue biashara, printa zote mbili zimeizoea. Fundi mmoja akaniambia, "Omera, nakili mafolda kwa flashi, weka diski mpya, rudisha. Hiyo ni kazi ya dakika."

Dakika kweli. Flashi ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa FAT32, nao haujui faili ni ya nani, haujui ruhusa, haushiki symlink (faili inayoelekeza kwa faili nyingine), na faili ikifika GB 4 unaitema. Nilichorudisha kilikuwa mzoga wa Linux. Mashine haikuamka.

Kutumia dd, amri inayonakili diski nzima jinsi ilivyo, kusingefaa: diski ya zamani ni GB 500, SSD (diski mpya isiyo na sahani inayozunguka) niliyonunua mjini kwa elfu tatu na kitu ni GB 240. Hata Clonezilla, programu ya kunakili diski, ukiiacha ilivyo, haikubali kumimina kubwa kwenye ndogo. Lakini vitu vyenyewe havikufika GB 90. Basi nikawasha mashine kwa flashi ya Mint, nikaandaa SSD kwa ext4, mtindo wa Linux wa kupanga faili, kisha nikanakili kwa rsync, amri inayobeba faili pamoja na ruhusa zake:

sudo rsync -aAXH /mnt/zamani/ /mnt/mpya/

Ile / baada ya zamani usiisahau. Mimi niliisahau, nikakuta folda "zamani" imejikalia ndani ya SSD kama mgeni asiyeaga. Na ule msururu wa --exclude (yaani ruka) kwa /proc na /sys, mafolda ambayo Linux huyajaza ikiwa kazini tu, ambao watu wanahubiri, ukiwasha kwa flashi hauna kazi, mafolda hayo yako tupu. Stima ikapotea katikati, Kisumu ni Kisumu. Iliporudi nikarudia amri ileile, ikaendelea na yaliyobaki.

Sasa ujanja wangu. GRUB, programu inayoamsha Linux, na /etc/fstab, orodha ya diski za kupandishwa, hutafuta diski kwa UUID, yaani jina lake la kipekee la namba na herufi. Wengi huhariri fstab. Mimi nikaona kwa nini mtoto asirithi jina la babake? Nikasoma UUID ya zamani kwa blkid, nikaishusha SSD kwa umount ili isiwe inatumika, nikaipachika jina hilo kwa tune2fs -U. Nikaipandisha tena, nikaingia ndani ya mfumo wake kwa chroot, nikaweka GRUB kwa grub-install, nikachomoa ya zamani. Mashine ikaamka upesi ajabu, printa zikaitika. Nikajiona profesa.

Jumatatu nikairudisha diski ya zamani ndani ya mashine, eti iwe ghala la sinema. Diski mbili, UUID moja! Mashine ikachagua iliyoipenda. Kutwa nzima namchapia mwanafunzi wa Maseno projekti yake, huku nikijiuliza SSD gani hii nzito hivi. Nikalaumu Mint, nikalaumu joto. Jioni kugonga kukanichosha, nikazima, nikachomoa lile gae la diski ya zamani, nikawasha. Projekti haipo. Kurasa arobaini, na kijana amesimama kaunta na pesa mkononi.

Jasho lilinitoka hadi kwenye kibodi. Nikarudisha gae, safari hii nikawasha kwa flashi, nikaikuta projekti imelala humo salama. Nikaihamishia kwenye SSD, kisha gae nikalipa jina lake jingine: tune2fs -U random, amri ambayo ningepaswa kuipiga tangu Jumamosi.

"Mzee," kijana akaniuliza, "si asubuhi ulisema hii mashine umeifanya mpya?"

Kurasa za rangi nilimprintia bure.