Ziwa Nyuma ya Kalenda

Jioni ya tarehe 26 Desemba 2017 Baba aliitungua kalenda ukutani, akachana ukurasa wa mwisho, akaulaza kifudifudi mezani na kuomba kalamu. Mama akamkumbusha kwamba mwaka haujaisha. "Zimebaki siku tano, nazijua kwa kichwa," akajibu, kisha akaanza kuchora ziwa.

Tulikuwa tumekusanyika nyumbani Luzira, Kampala, mimi na wadogo zangu Daudi na Rose, kwa ajili ya jambo moja: kuwapangia wazazi likizo ya kisiwani. Baba alikuwa ametimiza miaka 70, na sisi watoto wake hatukukumbuka safari hata moja aliyowahi kufunga bila kazi au msiba. Alikuwa baharia wa Ziwa Viktoria, kwenye meli zilizobeba mabehewa ya reli kutoka bandari ya Port Bell kwenda Mwanza na Kisumu. Mwanza ndiko alikompata Mama. Kiswahili ndicho Msamia wa Majanji, mashariki mwa Uganda, alichomposea binti wa Kisukuma, na ndicho walichotulelea, ingawa majirani wote waliongea Kiganda.

Daudi alikuja na Zanzibar. Alikwisha kupiga hesabu: ndege kutoka Entebbe, siku mbili Mji Mkongwe, siku moja kwenye mashamba ya viungo, siku moja msitu wa Jozani kuwaona kima punju, zilizobaki ufukweni Nungwi. Ulikuwa mpango mzuri, na hadi leo ninaupenda. Lakini tulikuwa watu wanane pamoja na watoto, na akiba yetu isingetuvusha.

"Hata hivyo visiwa si lazima viwe vya chumvi," Mama akasema. "Kwetu Mwanza Saanane unaiona ukiwa mjini. Mbona hatukuwahi kuiita likizo?"

Baba hakuwa amesema neno. Alipolisema, alilisema kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba kitu ambacho anajua ni kingi. "Mimi nataka Ssese."

Tukamtazama.

"Miaka 22 nimeviona visiwa vile," akaendelea. "Tukienda viko kulia, tukirudi viko kushoto. Zamu ya usiku unaona taa moja, mbili, unajua pale pana watu wamekaa wanakula. Sijawahi kukanyaga hata kimoja."

Ndipo alipoitungua kalenda.

Natamani ningeweza kuionyesha ile ramani. Hakuanza na pwani kama tulivyofundishwa shuleni. Alianza na gati la Port Bell, akatoka nalo polepole kwenye ghuba, na kila kitu alikichora kwa mpangilio kinavyojitokeza mbele ya mtu aliyeshika usukani: kwanza rasi, halafu kisiwa cha Damba, halafu cha Koome, halafu maji matupu kwa kitambo. Mkono wake ulisita pale yalipokuwa maji matupu, kana kwamba anasubiri meli ifike. Kisha akachora Bukasa, na hapo akazama. Pwani ya mashariki ya Bukasa aliichora jiwe kwa jiwe. Lakini kisiwa chenyewe hakukifunga. Mstari uliishia hewani upande wa magharibi, na nyuma yake karatasi ilibaki nyeupe.

"Na huku?" nikamuuliza.

"Huko sijui. Meli haikupita huko."

Ssese ni visiwa 84, na kilicho kikubwa kuliko vyote, Bugala, ambako ndiko uliko mji wa Kalangala, kilikuwa ndani ya ule weupe. Mtu aliyelipita fungu lile la visiwa mamia ya safari hakuwa na picha ya kisiwa chake kikuu.

Tangu hapo hatukubishana tena tuende wapi. Tulibishana tuendeje.

Baba alitaka Bukasa, kile cha taa zake. Bukasa huendewa kwa mtumbwi wa injini kutoka mwalo wa Kasenyi, karibu na Entebbe. Mama akaweka kikombe chini. "Baba Neema, mimi sipandi mtumbwi uliojaa magunia na makreti ya soda na wajukuu zangu. Wewe unajua ziwa hili limechukua wangapi." Baba alijua kuliko sisi sote. Hakumjibu, na Bukasa ikaishia hapo.

Bugala ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa barabara hadi Masaka, unashuka Bukakata, unavuka kwa feri ya bure hadi Luku, halafu unafuata barabara iliyokuwa ya vumbi wakati huo mpaka Kalangala. Daudi, mwenye gari, aliitaka hiyo kwa sababu majini unakaa muda mfupi. Ya pili ilikuwa meli ya MV Kalangala, iliyokuwa ikiondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na kufika Lutoboka, kisiwani Bugala, kama saa kumi na moja na nusu jioni. Nauli ya daraja la pili ilikuwa shilingi 10,000, ya daraja la kwanza 14,000. Nafasi ya magari ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo gari lingebaki. Nilimtazama Baba, nikamwambia Daudi gari libaki.

Rose ni muuguzi. Kwenye daftari lake la vivutio aliandika kwanza sokwe wa kisiwa cha Ngamba, ambako kuna hifadhi ya sokwe mayatima tangu 1998. Baba akaweka kidole karibu na Koome. "Ngamba iko hapa. Lutoboka iko huko nisikokujua. Hiyo ni safari nyingine na pesa nyingine." Rose akaikata kwa mstari mmoja, na niliona ilivyomuuma. Akaandika mengine: msitu, mbega, baiskeli kwenye mashamba ya michikichi, ufukwe wa mchanga kwa watoto. Chini kabisa akaandika KICHOCHO kwa herufi kubwa. Konokono wanaoeneza ugonjwa huo hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na hakutaka mtoto aoge ziwani kwa kuwa tu maji yanapendeza. Alikuwa na haki. Watu huja Ssese wakidhani wamefika baharini.

Mama alitaka mambo mawili tu: kitanda chenye chandarua na ngege mbichi. Yeye humwita sato, na sangara hajawahi kumwita mputa kama Waganda hata mara moja, ingawa ameishi Uganda zaidi ya miaka 40.

Tarehe alichagua Baba. Shule zilikuwa zifunguliwe Februari na Januari mvua hupungua, hayo tuliyajua. Lakini yeye alihesabu mwezi kwa vidole akasema twende tarehe 16 Januari, mwezi ukiwa kizani. Daudi akauliza kwa nini tusisubiri mbalamwezi, ufukwe upendeze.

"Kwenye mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawawashi taa," Baba akasema. "Mimi nakwenda kuona taa."

Siku yenyewe tulifika Nakiwogo saa tano asubuhi ili tupate viti, na viti hivyo Baba hakuvikalia. Alisimama kwenye reli muda wote wa safari. Mtoto wangu wa kwanza alisimama naye mpaka miguu ikamuuma, akarudi kuniambia kwamba babu anaongea na maji.

Lutoboka ilikuwa na mchanga mweupe na miti mikubwa iliyokaribia kuingia ziwani. Usiku taa za wavuvi zilijipanga mbali kama barabara ya mji, na Mama akazitazama kwa muda mrefu kuliko Baba. Siku ya pili tuliingia msituni. Kijana aliyetuongoza alitueleza jinsi ugonjwa wa malale ulivyowamaliza watu mwanzoni mwa karne iliyopita, mpaka 1909 serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki, na msitu ukajirudishia mashamba. Kisha ukakatwa tena, safari hii kwa ajili ya michikichi ya mafuta. Mistari ya michikichi imenyooka hadi macho yanachoka. Najua imeleta ajira na barabara. Lakini tulipotoka kwenye kivuli cha msitu na kuingia katika mistari ile, mbega hawakutufuata, na kimya kilichokuwepo kilinihuzunisha.

Jioni Baba alikuwa akitoweka. Tulimkuta gatini, kwa kuwa MV Kalangala ilikuwa ikilala Lutoboka na kurudi Entebbe saa mbili asubuhi. Alikuwa ameketi na mabaharia wawili, wakizungumza habari za pepo na pampu kwa Kiswahili kile kile cha ziwa nilichokikuta nyumbani nilipozaliwa.

Siku ya mwisho tulipanda kilimani mjini Kalangala, mahali ambapo unaiona ghuba yote na visiwa vingine nyuma yake. Baba akamsimamisha mtu aliyekuwa akipita, akamwomba amtajie majina. Yule mtu akanyoosha mkono akayataja moja moja. "Na Bukasa?" Bukasa haikuonekana, akasema, iko kule nyuma ya hivyo vingine, mashariki.

Baba akaitikia kwa kichwa. Akatoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa mara nne. Sikujua kwamba ameibeba. Aliikunjua juu ya jiwe, upepo ukaipeperusha, akaniita.

"Neema, shika huku."

Nikabana kona mbili kwa viganja. Akapiga magoti na miaka yake 70, akalamba ncha ya kalamu, na kwenye ule weupe wa magharibi akaanza kuifunga pwani.