Nikijikemea, hiyo sauti ni ya nani?

Juzi usiku nilipitishwa stage. Nilikuwa nishukie Roysambu lakini nimezama kwa simu, makanga akagonga ubavu wa mathree mara mbili, kushtuka niko Githurai. Nikaanza kujikemea: wewe naye, umekosea tena, huwezi endelea hivi.

Nikacheka, juu huo karibu ndio mfano wa mtu anayejiongelesha aliotoa mwanafalsafa Husserl mwenyewe. Kwa kile kitabu chake cha 1900 na 1901, Logische Untersuchungen, aligawa ishara mara mbili: kuna dalili tu, na kuna usemi wenye maana. Dalili ya mvua ni mawingu, sindio, lakini mawingu hayajakusudia kukuambia ubebe mwavuli. Hata bendera ya nchi aliiweka upande wa dalili. Shida inakuja kwa maongezi, kwa sababu nikikusemesha maneno yangu yanakuwa dalili pia, kilicho kichwani mwangu hukioni, unakisia kutoka kwa ninachotamka. So akatafuta mahali usemi unabaki peke yake bila dalili, akasema ni pale mtu anajiongelesha kimoyomoyo: hapo sijipi habari yoyote, ninachofikiria niko nacho saa hiyo hiyo, nitajiarifu nini?

Inashawishi, nakubali. Halafu mwaka wa 1967 akaja Derrida, yule mwanafalsafa mzaliwa wa Algeria, na kitabu chake La voix et le phénomène, akampinga. Anasema neno haliwezi kuwa neno kama haliwezi kurudiwa, kwa hivyo hata lile la kimoyomoyo lilikuwepo kabla yangu na litaendelea bila mimi. Sauti inatudanganya tu kwa vile nikiongea najisikia papo hapo, ni kama hakuna kitu katikati, ndiyo maana wanafalsafa wakaiamini sauti wakadharau maandishi.

Mimi niko upande wa Derrida, ingawa sababu yangu ni ya nyumbani zaidi. Nikikosea kitu kidogo najikemea kwa Kiswahili. Nikikosea vibaya inatoka kwa Kikamba, na si sauti yangu, ni ya mama, na lile jina la utotoni ambalo hakuna mtu Nairobi analijua. Sasa kama hapo ndipo niko peke yangu, mama ameingilia wapi? Na nikisikiliza voice note niliyotuma mwenyewe, huyo jamaa simjui kabisa (najua, mtu hujisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, simu haina hiyo, lakini bado).

Nikavuka barabara nitafute gari la kurudi, bado najipigia kelele nikidhani ni kichwani. Mama mmoja wa kuuza ndizi akainua macho.

"Unaniongelesha, kijana?"

Nikanunua mbili.