Mashmakhan, wale jamaa wanne wa Montreal

Wiki nzima hii masikioni nina bendi moja tu, Mashmakhan, jamaa wanne wa Montreal, Kanada, waliovuma mwaka 1970 na miaka kama mitatu baadaye hawapo tena. Watu wengi wakiwakumbuka wanakumbuka ule wimbo wao mmoja, As the Years Go By, basi, biashara imeisha. Inaniuma kidogo, ndo maana naandika.

Hawa hawakuibuka tu kama uyoga. Pierre Sénécal wa kinanda, Rayburn Blake wa gitaa na Jerry Mercer wa dramu walikuwa wanapiga pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 60, wanabadilisha majina ya bendi, wanapiga soul kwenye vilabu usiku baada ya usiku, ile kazi ya kuchezesha watu mpaka vidole vinajua njia vyenyewe. Brian Edwards wa besi ndo alikuja mwishoni kabisa, 1969 hivi. Kwahiyo siku wanaingia studio kurekodi kwa kampuni ya rekodi ya Columbia walikuwa washasomana zamani, na ukisikiliza albamu ya kwanza unalisikia hilo, hakuna anayemkanyaga mwenzie, Mercer anaweza akaacha nafasi katikati ya mdundo na wote wanajua ataangukia wapi.

Sasa huo wimbo wenyewe. Ogani imetawala mwanzo mwisho, na maneno yake ni swali lile lile, unanipenda?, ila kila beti anauliza mtu mwingine. Mtoto anamuuliza mama yake, na maana yake ni utanilinda? Binti anamuuliza mpenzi wake, na maana yake ni utaniheshimu? Halafu wanakuja watu wazima walioishi pamoja miaka na miaka. Yaani maisha yote ya binadamu ndani ya dakika chache za redio, na haijalazimishwa hata kidogo. Kanada ulipanda juu kabisa, Marekani ukafika namba 31 kwenye chati ya Billboard, Japani ndo usiseme, waliupenda mno. Na kumbuka ile sheria ya kuzilazimisha redio za Kanada zipige asilimia 30 muziki wa nyumbani ilianza Januari 1971, hawa walishapenya kabla yake, kwa nguvu ya wimbo tu.

Kiangazi hicho hicho cha 1970 wakawemo kwenye Festival Express, ile treni iliyobeba wanamuziki kuvuka Kanada, Toronto, Winnipeg mpaka Calgary, Janis Joplin humo, Grateful Dead humo, The Band humo, Buddy Guy humo, mabehewa yamejaa magitaa na watu wanapiga mpaka asubuhi. Toronto vijana waligoma nje wakidai kiingilio kifutwe, wakavutana na polisi, fedha ikawa tabu safari nzima. Ila fikiria wewe ni mpiga kinanda wa vilabu vya Montreal halafu uko kwenye treni moja na hao.

Albamu ya pili, The Family, ikatoka 1971 na haikupata hiti kama ile. Mi naona shida ilikuwa hapa: waliokuja kwa ajili ya ule wimbo walitaka mwingine kama ule, na hawa mioyo yao ilikuwa kwenye jazi, kwenye kurefusha, kwenye Sénécal kuweka kinanda pembeni akashika saksafoni au filimbi. Sio kosa la yeyote, ila bendi haiwezi kuishi na watu wanaosubiri kitu kingine. Kufikia 1973 Mercer yuko April Wine, bendi nyingine ya roki ya Kanada, na huko akakaa miongo, kwahiyo ukisikia roki ya Kanada ya miaka ya 70 na 80 kuna uwezekano mkubwa unamsikia yeye bila kujua.

Kingine kilichonishika, kwenye albamu ya kwanza kuna kipande kinaitwa Letter from Zambia. Barua kutoka Zambia! Mwaka 1970 Zambia ilikuwa na miaka kama sita tu ya uhuru, na vijana wa Montreal wanaiweka kwenye albamu yao. Jana usiku nimekirudia mara nne, taa zimezimwa, na leo nikimaliza kuandika hapa narudi huko huko.